Nyumba ya Maarusi Lubumbashi: Mwongozo Kamili wa Mwaka wa Kwanza, Kutoka Rido Hadi Bonana

Hapa Lubumbashi wengi hupenda kufunga ndoa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Hema halilowi, viatu vya bibi-arusi haviingii matope, na ndugu wa Likasi na Kolwezi wanafika kwa wakati. Shida ni kwamba maarusi wanahamia nyumbani katika msimu unaoficha kila kasoro. Ukuta umekauka, bati halivuji, uwanja ni mgumu. Basi wanapaka rangi, wananunua kanape (sofa) ya kitambaa cheupe, wanatundika rido (mapazia) zinazofagia sakafu. Mvua ya Novemba ikishika, ndipo nyumba inapojionyesha.

Ndiyo maana mwongozo huu unafuata kalenda. Mwaka wa kwanza, pesa iende kwanza kwenye vitu mnavyogusa kila siku: kitanda, taa, kiti. Vitu vya kutazamwa na wageni vije polepole, kila kimoja na sikukuu yake. Najua wakwe watauliza kabati la vioo liko wapi. Waacheni waulize.

Kabla ya kuhamisha hata kijiko

Nendeni wawili, mchana, na futi kamba mkononi. Anzeni na ukuta, chini kabisa. Kuna mstari wa kahawia kwenye usawa wa goti? Ukikwangua kwa ukucha, unadondoka unga mweupe? Hiyo ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka ardhini, na hakuna rangi ya bei yoyote itakayokaa hapo. Halafu inueni macho darini: duara la kahawia ni mahali bati linapovuja, hata kama mwenye parseli (mwenye nyumba) ataapa kwamba lilizibwa mwaka jana.

Ukweli wenyewe muulizeni jirani anayepanga katika parseli hiyo hiyo. Swali moja linatosha: “Mama, mvua ikinyesha kwa nguvu, maji yanapitia wapi?” Ataonyesha kwa kidole. Muulizeni pia umeme wa SNEL (shirika la umeme) unakatika saa zipi, nani anakusanya pesa ya kipimo cha pamoja, na maji mnachota kwenye bomba la REGIDESO (shirika la maji) au kwenye kisima cha pampu. Majibu hayo ndiyo yatakayowaambia kama mnunue friji sasa au msubiri.

Kuhusu garanti (amana ya pango), sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 ya upangishaji inasema kwa nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Wenye parseli wengi huomba zaidi, na maarusi wenye haraka hulipa. Mkilipa zaidi, iandikwe na kusainiwa. Siku hiyo hiyo andikeni hali ya nyumba, chumba kwa chumba, na mpige picha: kioo kilichopasuka, kitasa kilicholegea, sinki inayovuja. Na ombeni ruhusa ya kupigilia misumari na kupaka rangi kabla ya kulipa, maana baada ya kulipa jibu hubadilika.

Pimeni madirisha yote, urefu wa kuta, na upana wa mlango wa mbele. Kanape nyingi nzuri zimelala barazani kwa sababu mlango ulikuwa sentimeta 80 na kanape ilikuwa 90.

Kaeni chini na karatasi mbili

Kila mmoja aandike peke yake vitu vitatu ambavyo bila hivyo hataona kwamba yuko nyumbani. Vitatu tu. Bwana ataandika televisheni, bibi ataandika jiko la gesi, na huenda wote wawili wakaandika godoro nzuri. Kilichoandikwa na wote ndicho cha kwanza kununuliwa. Vilivyobaki vinapangwa kwa zamu, kimoja cha bwana, kimoja cha bibi.

Baada ya hapo hesabuni mlichonacho. Familia ya mke mara nyingi humsindikiza binti yao na vyombo vya jikoni: sufuria, sahani, ndoo, pengine mbabula mpya (jiko la mkaa). Harusi nayo huleta zawadi, na zawadi hufanana: saa za ukutani, seti za glasi, termosi. Kama harusi bado, mwambieni mtu mmoja wa kamati anayejua kusema, apitishe neno kwamba glasi zinatosha na bahasha haziozi. Kama imeshapita, chagueni saa moja, nyingine zihifadhiwe. Saa ya shangazi itundikwe siku shangazi anapokuja. Huo si unafiki, ni heshima.

Chumba cha kulala: hapa msibane pesa

Kitanda cha mbao kutoka kwa fundi wa mtaani kinadumu kuliko vingi vinavyoingizwa kutoka nje, mradi mbao iwe imekauka. Angalieni maungio: mbao mbichi itajikunja, na kitanda kitaanza kulia kabla ya Noeli. Godoro la sponji mlijaribu kwa kukaa ukingoni. Likizama mpaka mkahisi chaga, acheni.

Chandarua ni kitu cha afya, lakini kikifungwa vibaya kinaharibu chumba kizima. Mwambieni fundi atengeneze fremu ya mraba ya mbao nyembamba, yenye vipimo vya kitanda, itundikwe darini kwa kamba nne. Chandarua kikipita juu ya fremu kinashuka wima pande zote, na mchana mnakikunja juu. Kama ni kipya na kimetiwa dawa, kianikeni kivulini saa 24 kabla ya kulala chini yake.

Juni na Julai usiku wa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na wageni wa mji wanashangaa. Blanketi zito litangulie shuka za maua. Na hapa sitanii: mbabula yenye makala (mkaa) isiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa ili kupasha joto, hata makala yakionekana yamebaki majivu. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Tumieni chupa ya maji ya moto miguuni.

Taa, kabla ya rangi

Sebule ile ile huonekana ya kifahari au ya hospitali kwa sababu ya balbu tu. Angalieni namba kwenye boksi: 2700 hadi 3000 K ni mwanga wa manjano tulivu, wa sebuleni na chumbani, 6500 K ni mweupe mkali, unafaa jikoni na barazani. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Kwa ajili ya delestaji (mgao wa umeme), wekeni angalau balbu mbili za kuchaji, moja sebuleni na moja kwenye njia ya choo. Mishumaa ibaki ya sherehe, mbali na rido.

Umeme ukirudi huja na nguvu isiyo ya kawaida. Chomoeni televisheni na friji unapokatika, na ukisharudi subirini dakika tano kabla ya kuchomeka. Kidhibiti umeme cha friji si anasa hapa kwetu.

Rangi

Hesabu ni rahisi. Tuseme sebule ya meta 4 kwa 4, kuta za meta 2.7. Mzunguko ni meta 16, mara 2.7 ni karibu meta za mraba 43. Toeni mlango na madirisha mawili, inabaki kama 38. Mikono miwili ya rangi ni 76. Lita moja ya rangi ya maji hufunika meta za mraba 8 hadi 10, kwa hiyo lita 8 hadi 10 zinatosha. Fundi akiwaambia lita 20, mwulizeni chumba kingine anachotaka kupaka ni cha nani.

Plasta mpya ya saruji iachwe wiki nne ikauke. Ukuta wenye unyevu msiupake rangi ya mafuta, maana maji yatanaswa ndani na rangi itavimba. Chokaa ni bora, inauacha ukuta upumue. Rangi ya mafuta inafaa ukuta mkavu wa jikoni na korido, kimo cha meta moja kutoka chini, ili mpanguse vumbi jekundu kwa kitambaa. Juu wekeni rangi ya krimu. Nyeupe kabisa ni ya watu wanaoishi mbali na barabara ya udongo.

Rido, na namna ya kuzinunua

Kosa la kawaida ni kununua kitambaa chenye upana sawa na dirisha. Rido isiyo na mikunjo inaonekana kama shuka lililoanikwa. Chukueni fimbo inayozidi dirisha sentimeta 15 kila upande, kisha kitambaa mara mbili ya urefu wa fimbo. Dirisha la sentimeta 120 linataka fimbo ya 150 na upana wa meta 3. Kuhusu kimo, majarida yanapenda rido ziguse sakafu. Kwa sakafu ya saruji inayopigwa deki kila asubuhi, mimi ningeziishia sentimeta 5 juu.

Nendeni Soko la Kenya au Soko la Mzee asubuhi, wakati mwanga ni mzuri na muuzaji hajachoka. Kamateni kitambaa, kifinyeni kwenye ngumi, hesabuni hadi kumi, kiachieni. Kikibaki na makunyanzi, mtakipiga pasi maisha yenu yote. Kiinueni dhidi ya jua muone kama kinapitisha mwanga wote. Halafu bei, na hapo mazungumzo huwa hivi:

“Mama, hii bei ni ya mita ao ya yadi?”

“Yadi, mama. Lakini ni vilevile.”

Si vilevile. Yadi ni sentimeta 91. Ukihitaji meta 12 ukapimiwa yadi 12, umepungukiwa na zaidi ya meta moja, yaani rido moja itakuwa fupi na fundi atakuita usiku. Semeni kwa heshima kwamba mnataka mita, na mwangalie anavyopima.

Nyuma ya rido nzito wekeni nyavu nyepesi. Kuanzia Mei hadi Septemba ndizo zinazokamata vumbi, na kuzifua ni kazi ya nusu saa.

Viti

Msinunue seti kamili mwezi wa kwanza. Viti vinne vya mbao vyenye mito, na meza moja, vinatosha mpaka Noeli, na vinahama kirahisi kutoka sebuleni hadi chini ya mwembe wageni wakizidi. Kanape ikija, iwe na vifuniko vinavyovuliwa, rangi ya kahawia au ya udongo. Mahameli ya kijivu nyepesi ni nzuri sana dukani.

Ukutani: shaba, malakiti na michoro

Mji huu umejengwa juu ya shaba, na ajabu ni kwamba nyumba nyingi za vijana wake zimepambwa kwa maua ya plastiki. Shaba iliyofuliwa kwa nyundo, yenye sura ya mwanamke anayetwanga au samaki, bado inatengenezwa na mafundi wetu. Kipande kimoja kikubwa ukutani kinatosha. Ipo pia misalaba ya shaba ya Katanga, ile ambayo zamani ilikuwa pesa na iliingia hata katika mahari. Mafundi wanatoa mipya ya mapambo, na kwa nyumba ya maarusi sijui pambo linalostahili zaidi kukaa juu ya mlango wa sebule.

Malakiti ni jiwe la kijani lenye mistari, ambalo nalo lina shaba ndani yake. Jiwe la kweli ni zito na la baridi mkononi, na mistari yake haifanani. La plastiki ni jepesi na hupata joto upesi.

Vitu hivi viwili hukaa rafu moja lakini havioshwi pamoja. Shaba iliyopoteza mng'ao suguweni kwa nusu limau iliyochovywa chumvi, suuzeni, na mkaushe papo hapo, la sivyo madoa yatarudi. Kwanza jaribuni nyuma kwa tone moja: kama hapang'ai, fundi aliipaka vanishi, basi tumieni kitambaa chenye maji tu. Malakiti msiiguse kwa limau wala siki hata mara moja. Asidi inalila jiwe na mng'ao wake hamtaweza kuurudisha wenyewe nyumbani. Ni laini pia, ugumu wake ni 3.5 hadi 4 kwa kipimo cha Mohs, kwa hiyo kisu cha jikoni kinalichora. Na msilitoboe wala kulikata wenyewe, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Michoro nayo ina historia hapa. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar, na humo akatoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake. Miaka ya 1970 sebule nyingi za Lubumbashi zilikuwa na mamba muntu, mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri kwa masharti. Mkimtundika leo, jiandaeni kumweleza mchungaji. Lakini mchoro wa kijana wa mji wenu, wa soko, wa bomba refu la moshi na mlima wa mabaki ya madini, una thamani kuliko bango la maporomoko ya Uswisi.

Picha ya harusi msiiweke kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Gundisheni vipande vya kizibo kwenye pembe nne nyuma ya fremu ili hewa ipite.

Mavazi ya kila siku, na kikwembe cha wawili

Kuvaa kikwembe (kitenge) kimoja bwana na bibi ni furaha ya maarusi, na hesabu yake ni hii. Kipande kizima ni yadi 12. Mke anachukua yadi 6 kwa libaya (blauzi) na vikwembe viwili vya kujifunga. Shati la bwana mwembamba ni yadi 2. Akiwa na kitambi, 3. Inabaki yadi 3 au 4, nayo ndiyo siri ya nyumba: mito minne ya viti na kitambaa cha katikati ya meza. Sebule inaanza kufanana na watu wake bila kununua kitu.

Waksi nzuri ina rangi sawa pande zote mbili. Ile iliyochapwa upande mmoja ina mgongo uliopauka. Kabla ya kumpelekea fundi, kiloweke kwenye maji baridi usiku mmoja na kukianika kivulini, kwa sababu kitapungua, na ni afadhali kipungue kabla ya kukatwa. Pasi ipite upande wa ndani.

Siku za kazi, watu wawili wenye nguo chache zilizopigwa pasi wanapendeza kuliko wenye mabegi mawili ya mitumba isiyowatosha. Wekeni pesa ya fundi wa kurekebisha: suruali ikipunguzwa kiunoni na pindo likikaa sawa, hakuna atakayeuliza ilitoka wapi.

Noeli na Bonana (Mwaka Mpya)

Hapa ndipo ndoa changa zinapogombana, na ugomvi huwa ni wa familia gani itatembelewa kwanza. Amueni mwanzoni mwa Novemba, na taarifa iende pande zote mbili siku moja. Utaratibu unaofaa: jioni ya tarehe 24 ni yenu wawili, tarehe 25 ni kwa wazazi wa upande mmoja, usiku wa 31 ni mkesha kanisani, tarehe 1 Januari ni kwa upande wa pili. Mwaka unaofuata mnageuza. Kila mmoja aseme na wazazi wake mwenyewe. Mke asiachiwe kumwambia mama mkwe kwamba Noeli hii hawatafika.

Wazazi walio mbali watumieni pesa kwa simu kabla ya tarehe 23, pamoja na gharama ya kutolea, ili wapokee kiasi kamili.

Mapambo ya Desemba yako nje bure. Matawi ya msonobari yanakaa siku kadhaa kwenye ndoo yenye mchanga uliolowa. Maua mekundu ya flamboyan yanakatwa asubuhi ya siku yenyewe, maana jioni yamelala. Taa ndogo za Noeli nunueni zinazotumia betri au jua.

Mezani, tumieni mvua yenyewe. Uyoga wa porini unauzwa kandokando ya barabara, masuku (matunda ya porini) yameiva, maembe yako kila mahali. Kuku mmoja aliyepikwa vizuri, uyoga, lengalenga (mchicha) na bukari (ugali) ya moto ni karamu. Uyoga nunueni kwa mama mnayemfahamu, na msiokote wenyewe. Makala na gesi viwepo vyote viwili, kwa sababu siku ya Bonana kila jiko la mtaa linawaka na umeme hauaminiki.

Sherehe ikiisha, ndipo mnunue kile kiti au rafu mliyoona imekosekana. Wageni wameshawaonyesha.

Baada ya Januari

Tarehe 8 Machi ina kikwembe chake, na bei hupanda siku za mwisho; bibi anunue mwanzoni mwa Februari. Bwana mwenye akili siku hiyo atapika, au angalau atanunua.

Mkitaka safari, maporomoko ya Lofoi katika hifadhi ya Kundelungu yanashuka zaidi ya meta 300. Katikati ya mvua njia inawatesa, mwisho wa kiangazi maji yamepungua, kwa hiyo lengeni Mei, mwende na gari lenye nguvu na mtu anayeijua njia. Pesa ikiwa ndogo, Jumamosi moja makumbusho asubuhi na bustani ya wanyama mchana inatosha kabisa, na nguo zenu za kikwembe zitapata picha.

Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi, na kwa maarusi wa mwaka jana ni mtihani wa kwanza wa kuwa wenyeji. Asubuhi watu huenda makaburini kusafisha na kuwakumbuka waliotangulia. Bebeni jembe, ndoo ya maji na glavu, na vaeni viatu vilivyofunikwa. Mchana waalikeni wazazi wa pande zote mbili kwenu, pamoja. Vitu vya kutayarisha ni vichache: viti vya kutosha, azimeni kwa jirani, kivuli uwanjani, mashuka mawili ya viti vya wazee, kwa kuwa vumbi la Agosti halichagui, na maji ya kunawa yaliyopashwa kidogo. Mzee wa upande wa mke aketi na mzee wa upande wa mume, msiwatenge kwa kambi. Saa ya shangazi iwe ukutani tangu asubuhi, na iwe na betri.